Hivi hizi taasisi za utafiti zinatusaidia nini sisi wa kijijini, au ni kujaza madodoso tu?

Mtoto wa Newala:

Wakuu habarini za jioni. Kuna kitu kinanikereketa tangu Jumapili, naomba tujadili, matusi pembeni.

Nimempigia mama yuko Newala, sauti imekauka, nikajua homa kumbe hapana, anasema alikuwa na wageni tangu saa tatu asubuhi. Wageni gani mama? Watafiti. Wamekuja na gari jeupe la mradi lile lenye antena ndefu, wakamkalisha mkekani chini ya mwembe wakaanza kumhoji mpaka saa sita kasoro. Una mikorosho mingapi, kuku wangapi, jana ulikula nini, juzi je, baba alifariki mwaka gani, maji unachota umbali gani, choo kina mfuniko au hakina, na choo chenyewe wakaenda kukikagua. Mwisho wakamsainisha karatasi, wakampa miche miwili ya sabuni, haooo.

Sasa mimi sina shida na maswali. Kinachoniuma ni kwamba hao ni kundi la tatu. Wa kwanza walikuja miaka minne iliyopita, wakachimba udongo shambani kwake wakautia kwenye vifuko vya nailoni wakaandika namba, wakamwambia tutarudi kukupa majibu shamba lako lina upungufu gani. Mpaka leo. Na mama hajasahau, kila tukiongea habari za shamba anarudi palepale, "na ule udongo wangu walisema una nini?" Namjibu nini? Mimi nauza kava za simu Kariakoo, udongo naujulia wapi.

Ndo nauliza kwa nia njema kabisa, hizi taasisi za utafiti na vyuo vikuu tulivyonavyo, kazi yake kwenye jamii ni ipi hasa? Maana kodi tunalipa, madokta na maprofesa tunao wa kutosha, lakini nikimwangalia mama sioni kitu kilichotoka maabara kikamfikia. Nielimisheni.

Msema Ovyo:

Mkuu umeuliza swali ambalo jibu unalo. Kazi ya utafiti ni mtafiti apande cheo, basi. Anakuja kwa mama yako anabeba data, anaandika andiko la Kiingereza linaingia kwenye jarida la huko Ulaya, anatoka uhadhiri anakuwa mhadhiri mwandamizi, mshahara unasogea, mama yako anabaki na sabuni. Na hela yenyewe siyo yetu, mfadhili yuko nje huko ndo anaamua mwaka huu tuchunguze vyoo mwaka ujao kuku. Mwenye kisu ndo mla nyama, sisi tunashika miguu ya mbuzi tu asirushe mateke. Nchi za Afrika ziliahidiana kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa ajili ya utafiti, hiyo ahadi sasa hivi ina umri wa kuoa. Funga mada.

Bibi Shamba Mstaafu:

Usifunge mada mwanangu, ndo kwanza imefunguliwa na mimi nimeshaweka maji ya chai jikoni.

Mtoto wa Newala, mama yako ana umri gani? Kama ni rika langu mwulize habari za ubwiriunga, ule ugonjwa wa mikorosho. Mimi nilipangiwa kazi huko kusini mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikakuta mikorosho imegeuka pori, matawi yamefungamana huwezi kupita umesimama. Msimu wa 1973/74 nchi hii ilivuna korosho tani elfu 145 hivi. 1986/87 hazikufika hata elfu 20. Watu wanapenda kusema ni ubwiriunga peke yake, siyo kweli, kwanza watu walihamishiwa vijiji vya ujamaa mashamba yakabaki mbali, bei ikawa ya kukatisha tamaa, mkorosho ukaachwa bila palizi, ndipo ugonjwa ukakuta nyumba haina mlango. Unatoka asubuhi mwezi wa saba unakuta maua yamepakwa kitu cheupe kama mtu kapita na unga wa muhogo, baada ya siku chache yamekauka yote na korosho hakuna. Wazee wengine walisema ni vumbi tu. Wengine walisema ni mkono wa mtu, na majirani waliacha kusalimiana kwa ajili hiyo, nimeshuhudia kwa macho yangu.

Waliokaa na hilo jambo ni kituo cha utafiti cha Naliendele pale Mtwara. Na siyo siku moja, ni miaka. Kujua kwamba ni ukungu, kujua unashambulia machipukizi na maua machanga, kujua salfa ya unga inauzuia ukiwahi kabla haujasambaa, kiasi gani kwa mti mmoja, mara ngapi kwa msimu, kwamba ni alfajiri umande ungalipo na upepo bado umelala. Leo kila mtu Newala anayajua hayo kama anavyojua kusonga ugali, lakini yana mwenyewe, kuna mtu alikaa chini ya mkorosho na daftari akahesabu maua. Halafu ikaja miche bora, mikorosho mizee tukaikata ikachipua upya tukaibebesha vikonyo vya mti mzuri. Msimu wa 2017/18 zikavunwa tani zaidi ya laki 3. Sisemi ni Naliendele peke yao, bei ilikuwa imepanda, stakabadhi ghalani (ule mfumo wa kuuza korosho kupitia ghala) ilikuwepo, watu walifungua mashamba mapya. Ila bila kuutuliza ubwiriunga hiyo ghala ungeipelekea nini?

Kwa hiyo unaposema huoni kitu kilichotoka maabara kikamfikia mama, naomba nikuulize, ada yako ya shule ilitoka wapi?

Mtoto wa Newala:

Shikamoo mama. Hapo kwenye ada umenipiga pabaya, ni korosho tupu, kuanzia yunifomu mpaka nauli ya kuja Dar.

Na sasa hivi nakumbuka, Julai tunaamshwa giza bado lipo, kaka anabeba mashine mgongoni mimi nabeba mfuko wa salfa, macho yanawasha mpaka saa nne, darasani tunanuka kama njiti za kiberiti. Haki ya Mungu sikuwahi kufikiria ule ni utafiti, nilijua ni dawa ya dukani tu kama panadol. Nimekubali nusu. Ila la udongo liko palepale.

Mndamba wa Kilombero:

@Msema Ovyo upo sahihi kwamba hela nyingi inatoka nje, lakini usichanganye nani kalipa na nani kafaidika. Kwetu Ifakara ile taasisi ya afya ilianza 1957 kama kijimaabara cha Waswisi, ndiyo, Waswisi, na swali la kwanza halikutoka kwa bibi yangu. Sawa. Lakini miaka ya tisini mwishoni wakafanya mradi wa vyandarua vyenye dawa Kilombero na Ulanga, vilikuwa vinauzwa madukani kwa jina la Zuia Mbu, wazee wa huku wote wanalikumbuka hilo jina. Hawakuishia kugawa na kupiga picha, walikuwa wanafuatilia nyumba kwa nyumba mtoto gani yupo, nani amefariki, analala kwenye chandarua au hapana. Wakapata kwamba watoto wadogo waliolala kwenye chandarua chenye dawa uwezekano wao wa kupona na kuishi ulikuwa juu kwa asilimia 27. Hiyo namba imetoka kwenye madodoso kama hayo ya mama yake huyu bwana, bibi yangu naye alihojiwa mpaka akawa anawaficha wajukuu.

Na mchele wa SARO 5 unaoula hapo mjini nao umetoka kwenye vituo vya utafiti wa mpunga, haukushuka na mvua.

Mama Mapacha:

Jamani kwani zile hati punguzo ndo zilitokea huko?? Mimi mimba ya kwanza 2007 nilipewa kliniki, karatasi unaenda nayo dukani unaongezea hela kidogo unachukua chandarua. Kile cha bluu. Nilikitumia mpaka kikatoboka nikakifanya wavu wa kufunikia vifaranga (msinipige).

Mndamba wa Kilombero:

Ndiyo dada, uzoefu wa Kilombero ni sehemu ya ushahidi uliofanya nchi ianze hati punguzo 2004. Vifaranga hawakuwemo kwenye mpango ila tunakusamehe 😂

Dada wa Madodoso:

Nimekuwa nasoma kimya kimya ngoja niseme maana mimi ndo yule anayeshuka kwenye gari jeupe.

Nafanya kazi ya udodosaji miaka sita, mradi ukiisha nahamia mwingine. Tunapewa tableti yenye maswali, mia na kitu, na kila siku lazima umalize kaya tano la sivyo msimamizi anakupigia. Ile karatasi mama aliyosaini inaitwa fomu ya ridhaa, na mara nyingi ndani yake kuna mstari unaosema matokeo yatarudishwa kwa jamii. Naisoma kwa sauti kila nyumba. Naisoma huku nikijua kwenye bajeti mrejesho umewekwa mwisho kabisa, na kitu cha mwisho kwenye bajeti mnajua kinavyokuwa, mafuta yakipanda ndiyo kinachokatwa. Ukifanyika unafanyika ukumbini makao makuu ya wilaya, bango kubwa, soda, karanga, mkuu wa idara anafungua, kutoka kijijini anaitwa mwenyekiti peke yake na akirudi anasema semina ilikuwa nzuri.

Mwaka juzi kuna bibi nilimhoji sehemu, sitaji, anapukuchua mbaazi kwenye ungo muda wote hajaniangalia usoni. Nikamaliza swali la mwisho, nikamwambia bibi ahsante. Akaweka ungo chini, akajifuta mikono kwenye kanga, akasema, haya na mimi nikuulize mjukuu wangu, haya niliyokwambia unayapeleka wapi? Nikamwambia yanaenda mjini yatachambuliwa. Akasema, yakishachambuliwa yanapitia njia gani kurudi? Nikaangalia tableti. Ina sehemu ya kujaza idadi ya mbuzi, ina sehemu ya kujaza aina ya paa la nyumba. Swali la bibi halikuwa na sehemu ya kuliandika.

Sikumjibu. Nilimpa sabuni.

Gamba la Masta:

Dada umenifanya nikumbuke tasnifu yangu. Kurasa 118, jalada gumu jeusi maandishi ya dhahabu, nakala nne. Moja chuoni, moja idarani, moja kwa msimamizi wangu, moja ipo kwa mzee wangu nyumbani ameiweka kwenye kabati la vyombo vya wageni karibu na birika la kichina na hajawahi kuifungua, maana ni Kiingereza mwanzo mwisho na yeye anasoma Kiswahili vizuri sana. Niliandika kuhusu wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Mzee wangu ni mfugaji wa ng'ombe wa maziwa. Mmeona mambo hayo?

Na siyo kwamba nilikatazwa kuandika karatasi mbili za Kiswahili nikawapelekea wale wafugaji hamsini niliowahoji, hakuna aliyenikataza, hakuna pia aliyenidai. Kwenye alama za chuo haipo, kwenye kupanda cheo haipo. Nadhani hapo ndo pana kidonda, watu wanajadili ufadhili sijui nini lakini ukimpa mtafiti alama kwa kurudi kijijini utaona magari meupe yanavyopigana vikumbo barabarani.

Mluguru wa Mjini:

Mimi nikiona mtu anadharau vyuo namwambia njoo Morogoro uone panya.

Siyo utani. Pale SUA, chuo kikuu cha kilimo, kuna panya buku, wale wakubwa wa kubeba mahindi mashavuni, wanafundishwa kunusa. Wengine wanapelekwa kutafuta mabomu yaliyofukiwa ardhini, kulikuwa na mmoja aliitwa Magawa, alifundishwa hapa hapa Moro akaenda kufanya kazi Kambodia mpaka mwaka 2020 Waingereza wakamvisha medali ya dhahabu. Panya! Amevishwa medali mimi na digrii yangu nipo kijiweni. Wengine wananusa makohozi ya kifua kikuu, zahanati na hospitali wanapeleka sampo zilizokwishapimwa, panya anazipitia upya, sampo mia moja dakika ishirini ameshamaliza, pale anapokwaruza maabara inarudia kupima kwa kipimo cha uhakika. Wapo watu waliambiwa huna TB wakarudi nyumbani kukohoa, panya akasema anayo, wakaitwa wakaanzishiwa dawa bure.

Angalia hicho kitu cha mwisho. WAKAITWA. Majibu yalirudi. Ndo tofauti na udongo wa mama wa Newala.

Mkamba Mtulivu:

Salamu kutoka Machakos majirani. Huku kwetu ukisema Katumani mtu anafikiria mahindi, wengi hawajui ni jina la mahali, kuna kituo cha utafiti hapo si mbali na mji. Hayo mahindi yalitengenezwa miaka ya sitini kwa sababu huku Ukambani mvua ikikuja inakuja kidogo halafu inaenda zake, mahindi ya kawaida yanashikwa na jua kabla ya kuweka punje, haya yanakomaa haraka, miezi mitatu hivi umeshapata kitu. Nyanya yangu hakuwahi kuenda shule hata siku moja lakini msimu ukikaribia alikuwa anasema nipeeni Katumani, hizo zingine pandeni nyinyi mtalala njaa.

Sijui kama kuna mtu wa kituo aliwahi kumletea ripoti. Yeye alikuwa anaweka mbegu kwa kibuyu na jivu.

Msema Ovyo:

Sawa nimerudi. Za korosho, vyandarua na panya nimezikubali, siyo mbishi kihivyo. Ila angalieni vizuri mifano yenu yote. Kila mahali palipofanikiwa kuna KITU kilichomfikia mtu mkononi, salfa, neti, mbegu, simu ya zahanati. Sasa huyu mama wa Newala kapata nini mkononi? Sabuni. Na kundi la kwanza hata sabuni hawakutoa, wameondoka na udongo wake. Kwa hiyo mimi hoja yangu bado ipo mezani.

Bibi Shamba Mstaafu:

Hapo hatugombani. Zamani katikati ya kituo na shamba alikuwepo mtu, bwana shamba au bibi shamba, ndo mimi. Naliendele wakisema jambo nalipata kwenye mafunzo, nalibeba kwa pikipiki, nalisema kwa lugha ya watu, na wakulima wakinigomea naurudisha ubishi wao kituoni. Sasa hivi afisa ugani mmoja ana vijiji vitatu vinne na mafuta anajinunulia. Mtafiti anaruka moja kwa moja mpaka kwenye mkeka wa mama, na akiondoka hakuna aliyebaki.

Mtoto wa Newala nataka nirudi kwenye udongo. Siwezi kukwambia wale vijana waliona nini, ila nina jambo. Mama anatumia salfa ya unga mpaka leo? Kwa miaka mingapi? Mikorosho yake iko uwanda wa juu kwenye kichanga?

Mtoto wa Newala:

Mama, tangu mimi sijaanza shule, na nina miaka 34. Kila mwaka. Ni kichanga ndiyo, ukichimba kinamwagika.

Bibi Shamba Mstaafu:

Basi sikiliza. Salfa ikidondoka chini mwaka baada ya mwaka inaongeza tindikali kwenye udongo, na kichanga kama hicho hakina nguvu ya kuihimili. Hili nalo lilichunguzwa kusini huko huko, ndiyo sababu moja mnasikia watu wanashauriwa kupokezanisha na dawa za maji badala ya kupiga unga kila msimu. Mti utauona uko hai lakini mazao mengine unayopanda chini yake, karanga, mahindi, yanakuwa ya kimanjano hayana raha. Mwulize mama karanga zake zikoje.

Usiseme bibi shamba amesema ni tindikali, udongo hausomwi kwa simu. Fanya hivi. Ukienda, chimba sehemu kumi hata kumi na tano za shamba, kina cha jembe moja, usichimbe kwenye kichuguu wala mlipochoma majani, changanya kwenye ndoo safi, anika kivulini, chukua kama kilo moja, andika jina la mama na kijiji siyo namba tu. Peleka Naliendele uwaulize utaratibu na gharama, wakikwambia hicho kipimo hawana basi maabara ya udongo kubwa iko Mlingano Tanga, na SUA pia wanapima. Na ukikabidhi, kaa hapo hapo uulize majibu ni lini na nampigia nani. Usiondoke na neno "tutakujulisha".

Mtoto wa Newala:

Nimempigia sasa hivi. Karanga anasema miaka ya karibuni hazijazi, zinatoa majani halafu zinakaa tu, alijua ni mbegu mbaya akawa ananunua nyingine kila mwaka.

Halafu nikamweleza habari za salfa na hao watu wa Naliendele. Akasema wale anawakumbuka, siyo majina, anakumbuka kulikuwa na mmoja mrefu na mwenzake aliyekuwa anaogopa siafu. Walikuja wakakaa, msimu uliofuata wakarudi kuangalia miti ileile, na msimu mwingine tena. Akasema, "wale walikuwa wanajua mpaka jina la mbwa wetu."

Likizo ya mwezi wa kumi na mbili nakwenda na ndoo. Dada wa Madodoso sikulaumu, ila ukimwona yule bibi wa mbaazi mwambie kuna watu wanalijadili swali lake.

Dada wa Madodoso:

Kijiji chake kipo kwenye awamu ya pili, Machi. Nimemwomba msimamizi nipangiwe kule.

Kijana wa Liwale:

Wakuu samahani nimechelewa, nimeona mmetaja miche, inauzwa shilingi ngapi na naipata wapi?

Msema Ovyo:

Miche ya korosho au ya sabuni?